Nilivyojishona Kwenye Bawa la Fokker

Leo nimeumbuka, jamani. Na bado natabasamu.

Mnajua mimi ni fundi wa magauni ya harusi hapa Doornfontein. Jirani yangu mzee Kobus anaunda upya ndege ya kivita ya Wajerumani, Fokker ya Vita vya Kwanza. Bawa moja kila upande, mifupa imevishwa kitambaa! Bunduki yake ilipiga risasi katikati ya mapanga ya propela yanayozunguka bila kuyagusa. Kukata kona, rubani alivuta nyaya hadi bawa lenyewe likajipinda. Sasa hapo mshono ukiachia, kwaheri.

"Wewe ni mtu wa magauni," Kobus aliniambia asubuhi. "Wenzangu wanakuja kukagua bawa la kwanza. Mshono mmoja ukiachia, la pili nampa mwingine."

Nikavaa suruali yangu pana ya kanisani (kosa la kwanza). Ilibaki mishono michache. Bawa tumelisimamisha wima, Papa Baraka, fundi mwenzangu Mkongo, yuko upande wa pili. Sindano ndefu inapenya kwangu, naipokea, namrudishia. Na mimi, kwa mazoea ya magauni, nikaegemeza kazi pajani.

Wageni watatu wakaingia. Nikasimama kuwasalimia. Bawa nalo likanifuata.

Nikatazama pajani.

"Papa Baraka, umenishona!"

"Mi siko naona upande yako, kaka! Sindano si wewe ulikuwa napokea?"

Nikavuta. Wapi! Kobus akashika bawa, mgeni mmoja akanishika kiuno. Moja, mbili, tatu... praa! Suruali ikachanika kutoka gotini hadi kwenye mkanda. Chupi yangu ina picha za ndizi (zawadi ya mke wangu, msiulize). Mama mmoja kati ya wageni akageuka kusoma kalenda ukutani. Nilitamani ardhi inimeze.

Lakini Kobus hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa ameinamia bawa. Kipande cha suruali kimeng'ang'ania palepale. Mmoja wa wageni akakivuta kwa koleo. Akavuta tena, jasho likamtoka. Kitambaa cha suruali kikachanika kidogo, uzi haukutikisika!

"Eish," Kobus akasema. "Bawa la pili ni lako. Na mkia."

Nimepita mtaani kifua mbele, nimejifunga kiunoni kitambaa cha ndege. Mtu wa magauni, eti!

Kipande chenyewe Kobus amekataa kukitoa, anataka kila mgeni akivute. Kwa hiyo mkiiona Fokker yenye kiraka cha suruali ya kanisani, msicheke. Hiyo ndiyo sahihi yangu.