Mkono wa Kifaa, Mkono wa Kamera

Jumatatu, 3 Machi 2025
Mkufunzi amefika. Dk. Margareth, kutoka Dar, mpole. Ameleta kifaa cha kutibu kiungulia sugu. Kinapitia mdomoni hadi tumboni, kinakunja sehemu ya juu ya tumbo kulizunguka koo la chakula, kinaibana kwa pini ndogo, asidi isipande tena. Hakuna kisu. Kazi ya watu wawili: mmoja kifaa, mwingine kamera. Hapa Karatu tutafundishwa mimi na daktari mwenzangu, Brigita.

Brigita! Miaka sita iliyopita nilimfundisha kutundika dripu.

Mgonjwa wa kwanza ni Mzee Hhando, mkulima wa Rhotia, amelazwa kwa vipimo. Siku yake ni Jumanne ijayo. Atakayeonyesha mkono mtulivu mazoezini ndiye atashika kifaa. Nimeutazama mkono wangu wakati wa chai. Umetulia kabisa.

Jumatano, 5 Machi
Tunajifunzia kwenye matumbo ya nguruwe. Asubuhi nilipita kwa Clemensi, muuza kitimoto, nikayachukua yote saba. Brigita akose. Clemensi akauliza kama nina sherehe. Nikasema ndiyo.

Saa nne nikaliona kosa. Matumbo yako kwenye friji yangu, kifaa kiko hospitali na hakiruhusiwi kutoka. Nikiyaleta, tutayatumia wote. Sikuyaleta. Brigita alishinda na mkufunzi wakitazama video za wagonjwa waliotangulia, hatua moja moja, wakisimamisha pale palipoharibika. Mimi nilikaa nyuma, nikijifanya nasoma.

Ijumaa, 7 Machi
Mtihani. Mkufunzi alileta matumbo ya nguruwe aliyoyanunua mwenyewe. Nilimaliza kwa dakika ishirini na mbili. Brigita, hamsini. Nilishaanza kutunga maneno ya kumfariji.

Dk. Margareth akayapasua yote mawili mezani. Pini zangu mbili hazikushika kitu, moja ilitoboa tumbo. Za Brigita zote zimekaa. Akasema kasi huja yenyewe baada ya wagonjwa ishirini na kitu, kabla ya hapo haina kazi. Alisema kwa upole, ndiyo maana iliuma. Brigita kifaa. Mimi kamera.

Jioni nilipita wodini. Nikamweleza Mzee Hhando kwamba Dk. Brigita hajawahi kumfanyia mtu hata mmoja. Ni kweli. Sikumwambia kuwa hata mimi.

Jumamosi, 8 Machi
Kitanda cha Mzee Hhando kitupu. Sista Scholastika, muuguzi wa wodi, anasema ameondoka asubuhi, hataki kujaribiwa. Masikio yangu yakawaka. Dk. Margareth akasema asiporudi, atafungasha kifaa na kuondoka. Brigita alikaa kwenye benchi, hakuniuliza kitu. Afadhali angeniuliza.

Nikapanda bodaboda hadi Rhotia, mvua na tope njia nzima. Nilimkuta mzee sebuleni, kwenye kiti cha mbao chenye mito miwili. Mkewe, Mama Eva, akanieleza kuwa hicho ndicho kitanda chake. Akilala, asidi inampanda hadi anapaliwa. Miaka minne sasa mama analala peke yake chumbani, mzee ameketi hapo.

Nilikuwa nimeandaa maneno mengine. Nikayaacha.

"Daktari," mzee akasema, "huyo binti anaiweza kazi, au haiwezi?"

"Anaiweza. Kuliko mimi."

"Na wewe utakuwepo?"

"Nitashika kamera. Na mwalimu wetu atasimama nyuma yetu. Yeye ameshafanya zaidi ya mia."

"Mbona jana hukuyasema hayo?"

Mama Eva akaanza kupanga nguo za mzee kwenye mfuko.

Jumanne, 11 Machi
Imefanyika. Nusu kaputi saa tatu asubuhi. Kwenye pini ya tano nikaona damu ikichuruzika pembeni, upande ambao Brigita haoni mpaka mimi nimwonyeshe. Nikasema simama. Akasimama. Tukasubiri, Dk. Margareth akiwa nyuma yetu. Damu ikakoma, Brigita akaendelea. Kazi yote ilichukua saa moja na dakika arobaini. Muda wote huo sikumwonea wivu. Sikuwa na nafasi.

Nje, Brigita akaniambia, "Asante, kaka. Nisingeiona ile damu." Nikamwambia ni kazi yetu sote. Nilimaanisha.

Jumamosi, 22 Machi
Mama Eva amepiga simu hospitali. Mzee analala kitandani, na anakoroma mpaka inabidi amsukume. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Wodi nzima imefurahi. Na mimi nimefurahi, kabisa.

Tatizo ni moja. Mgonjwa wa pili anakuja Jumatatu, mama mmoja wa Loliondo, jina lake Nosim. Dk. Margareth amesema Brigita atashika kifaa hadi atimize wagonjwa watano, ndipo tubadilishane. Watano! Na wote watakwenda wakilitaja jina lake.

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu, kama mtu aliyekomaa. Kisha nikampigia Nosim. Nikajitambulisha, nikamuuliza hali ya mifugo, nikamweleza kwamba Dk. Brigita amewahi kumfanyia mtu mmoja tu maishani mwake. Mgonjwa ana haki ya kujua.

Akauliza, "Mmoja tu?" Halafu simu ikakatika. Mtandao wa Loliondo, bila shaka.