Wataongea na Ndala ya Kushoto

Jumatatu, 3 Julai 2023

Leo Mama Shani, mwenye nyumba wangu, kasimama langoni huku kaikusanya kanga isiguse chochote, akatoa hukumu. Mbwa watano, mwisho. Mimi ninao sita. Akasema hana ugomvi na wanyama, ni viumbe wa Mungu, ila yeye ana udhu wa kulinda na uvumilivu wake unaisha wiki hii. Mwanamke huyu huyu kila Ijumaa anamwaga ukoko wa pilau juu ya ukuta wetu, akidhani sijui unamwangukia nani!

Nani aondoke? Nimewapanga uani niwatazame. Kosa kubwa. Wote wakanitazama mimi.

Jirani wa upande wa pili, Jastin, hana shida hizi. Anauza mbwa wa kizungu, masikio yamesimama, kadi za chanjo zina picha. Aliwahi kusema mbele za watu kwamba kituo changu hiki, Kimbilio la Mbwa Nyakato, ni jalala lenye mikia. Ndiyo maana yule niliyemwokota barabara ya Butiama nilimpa jina Wataongea. Kila jioni naliita kwa sauti, nimegeukia kwake. Ujumbe unafika.

Jumanne, 4 Julai

Nimepata! Mzee Nyamhanga, mfugaji wa Bunda huko karibu na hifadhi, alikuwa anakwenda kwa Jastin kutafuta mbwa wa zizi. Nikamdaka kabla hajapiga hodi. Nikamwambia mbwa wa kizungu wanaogopa hata ndama. Akasema shida yake ni fisi, wamezidi, wanakujaga mpaka mlangoni. Wafugaji kwa kuongeza chumvi! Alhamisi anarudi kuchukua mbwa kijana, mwenye nguvu.

Nitampa Wataongea. Ndiyo, ni bibi. Mdomo umejaa mvi, meno yamebaki ya kubahatisha, akitaka kuinuka anafikiria kwanza. Lakini ndiye ambaye hajawahi kutakiwa na mtu. Watu huja, wanampita, wanachukua wadogo. Yeye huwatingishia mkia hata hivyo. Huko Bunda kuna maziwa. Atalala juani kando ya zizi, anywe mtindi, amalize uzee wake kwa heshima. Na Jastin akose mteja. Mimi naona hapa kila mtu kafaidi.

Jumatano, 5 Julai

Nimekwenda saluni kwa Diana kununua piko. Akauliza nampaka nani. Nikasema ni ya masharubu yangu. Akasema kaa hapo nikupake mwenyewe, bure, mteja mpya. Nikakaa.

Nimerudi nyumbani na masharubu meusi tii. Piko iliyobaki nimempaka Wataongea mdomoni na juu ya macho. Alitulia, akapiga chafya. Ndiyo kawaida yake akifurahi. Sasa ni binti kabisa.

Likabaki suala la meno. Mfugaji hanunui mnyama bila kumfungua mdomo. Hapo nikakumbuka ndala. Tangu nimwokote, Wataongea hulala na ndala yangu ya kushoto mdomoni. Ya kulia haitaki. Ukimvuta anaing'ang'ania mpaka anatetemeka mwili mzima. Mgeni ataona ukali, meno hatayaona. Akili hizi sijui nilizirithi kwa nani!

Alhamisi, 6 Julai

Mambo yamekwenda vilevile nilivyopanga. Mzee alijaribu kumfungua mdomo, Wataongea akaibana ndala. Mzee akacheka, akasema huyu akishika haachi. Akanitazama mimi, akamtazama mbwa, akauliza kama tuna undugu.

Walipompakia kwenye pikapu nilitaka kuchukua ndala yangu. Hakuachia. Nikaona basi, aende nayo. Gari lilipokata kona alikuwa bado ananitazama. Hakupiga chafya.

Jastin aliona yote kutoka ukutani kwake. Nilimpungia mkono. Ushindi!

Jioni nimegawa mapanki, ile mifupa ya sangara ya kiwandani, kwenye sahani sita, kwa mazoea. Ile ya sita sikuiondoa. Sina sababu, nimechoka tu.

Jumatatu, 10 Julai

Kuna mtu katupa kitoto cha mbwa langoni, ndani ya mfuko wa saruji. Macho ndiyo kwanza yanafunguka. Nimekalisha maziwa kwa kijiko mpaka kakasinzia kiganjani mwangu, tumbo limejaa. Nilikaa hivyo asubuhi nzima, sikutaka kukaamsha. Furaha gani hii! Halafu nikahesabu. Sita tena. Na Mama Shani naye anajua kuhesabu.

Jioni nimeita Wataongea. Nilipokumbuka nikajifanya nakohoa.

Alhamisi, 13 Julai

Mzee Nyamhanga amekuja. Nikajua kagundua, nikajifungia chooni. Akasubiri. Nilipotoka nikamkuta na jogoo kwapani na ndala yangu mkononi.

Akasema fisi walikuja juzi. Mbwa wake wengine walirudi nyuma. Wataongea alisimama kwenye lango la zizi peke yake, hakutoka pale mpaka vijana walipofika na mikuki. Hakuna ndama aliyeguswa. Yeye alikuwa kaumia vibaya. Alijikokota mpaka kwenye ndala, akalala juu yake, akafa kulipokucha. Hawakumtupa. Wamemzika palepale langoni, na mke wa mzee alilia.

Kisha mzee akatikisa kichwa: "Kameniuma, hako kabinti. Kijana vile! Hata uzao hajaacha."

Nilifungua mdomo nimwambie. Kweli nilifungua. Nimwambie alikuwa bibi kizee, kwamba alikwenda kule kupumzika, kwamba kijana yule nilimtengeneza mimi kwa piko ya saluni na nimemuua kwa mkono huo huo. Nikasema karibu chai, mzee.

Alipoondoka nililia uani mbele ya mbwa wote. Sikujali Jastin anasikia. Baadaye pilau likaja juu ya ukuta, si ukoko, pilau lenyewe na nyama, kwenye sahani ya kigae. Na leo si Ijumaa. Nikasikia sauti ya Mama Shani ikisema pole, mwanangu.

Ijumaa, 14 Julai

Nimeapa. Sitamdanganya mtu tena kuhusu mbwa. Nimeishika ndala nikaapa.

Jumatano, 19 Julai

Mzee Nyamhanga amepiga simu. Anataka ndugu yake Wataongea, kijana kama yeye. Bunda nzima sasa wanajua kwamba mbwa shujaa wanapatikana kwangu, Abednego wa Nyakato. Leo Jastin kanisalimia yeye kwanza! Mama Shani naye kasema pole ni pole, lakini sita ni sita.

Nimefikiri sana, na safari hii nimetumia akili. Nitampa mbwa wangu mwingine, Nivumilie. Kwa umri anamzidi hata marehemu, lakini ni kiziwi. Asiyemsikia fisi hatatoka kupigana na fisi. Atalala fofofo, asubuhi anywe maziwa. Hapo hakuna wa kuumia.

Diana kanipaka masharubu tena. Iliyobaki imemkolea Nivumilie vizuri sana. Tatizo ni dogo tu. Nimempa ndala ya kushoto aishike. Ameinusa muda mrefu, kisha akalala kando yake bila kuigusa. Nitambembeleza. Mzee anakuja kesho.