Ndege Iliyoingia Barazani Bila Hodi

Ndugu Meneja wa Uwanja wa Ndege wa Nyasi,

Salamu kwako na kwa wote ulio nao. Mimi ni fundi cherehani wa nyumba yenye paa jekundu, pale nyasi zenu zinapoishia. Huku hatujambo, ila ndege yenu ndogo ilitutembelea Jumanne asubuhi, na ziara yenyewe ndiyo iliyonikalisha kitako niandike.

Sina ugomvi na usafiri wa anga. Mvua ilikuwa imenyesha, nyasi zimelowa, ndege ikagusa chini ikakataa kusimama. Hilo humpata yeyote. Hata mume wangu akianza kuongea hana breki. Ikapita mwisho wa uwanja, ikapasua ua wa michongoma, ikazoa nguo zangu kambani, ikaja kutulia barazani, pua yake shubiri moja tu kutoka kwenye cherehani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Haikubisha hodi. Hata mwenye haraka husimama mlangoni akapaza sauti. Rubani wenu alishuka na shuka langu begani, akaniuliza, "Mama, hapa ni wapi?" Nikamjibu, "Hapa ni kwangu, baba. Wewe umetokea wapi?" Akanyoosha kidole juu. Hilo nalo ni jibu?

2. Nilikuwa nampima gauni mwalimu mkuu wa shule ya wasichana. Alitimua mbio na gauni la mkono mmoja, pini zikimdunga kila hatua, mpaka shuleni, wanafunzi wakiwa mistarini. Sasa shule nzima inataka sare za mkono mmoja, na wazazi wananinunia mimi.

3. Mama mkwe wangu, ambaye masikio yake yamechoka, alidhani rubani ni yule fundi wa televisheni tuliyemngoja mpaka tukakata tamaa. "Umechelewa!" akamfokea. "Tena unakuja na makelele!" Maskini rubani, akili ilikuwa haijamrudia, akaingia ndani akaitengeneza televisheni. Tangu hapo mama hataki fundi anayekuja kwa miguu. Nimpate wapi mwingine?

4. Mume wangu alikuwa amelala fofofo, hata nikamwamsha kwa kumwagia maji. Lakini msikie anavyosimulia! Jumatano aliizuia ndege kwa mikono miwili. Alhamisi, kwa mkono mmoja. Nahofia wiki ijayo atasema aliipakata.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, kila rubani apige honi angani na asishuke mpaka aitikiwe "karibu". Ikiwa ni lazima ndege zipitilize, basi uwanja ugeuzwe zipitilize kwa jirani yangu mwenye duka, maana yeye kutwa hulalamika kwamba hatembelewi. Na rubani aliyekuja kwangu apewe kazi ya kuendesha kitu kisicho na magurudumu wala mabawa. Mtajua wenyewe ni kitu gani.

Nisalimie mkata nyasi, mlinzi wa lango, dereva wa trekta aliyekuja kuivuta ndege, na huyo rubani pia, kwa kuwa mgeni ni mgeni.

Ni mimi nisiye na kinyongo,
Fundi wa Nyumba ya Mwisho

Tanbihi: Nikiwa nalamba bahasha, tumesikia mngurumo. Ndege ileile, imeshapona! Tumetoka wote: mama mkwe kavaa gauni la harusini, mwalimu mkuu kaja na walimu wenzake, jirani kabeba kiti chake kutoka dukani, nami nimeshatenga chai. Imeshuka, ikapunguza mwendo, ikasimama mbaliii, katikati ya uwanja, kisha ikageuka ikatuonyesha mkia. Ndugu Meneja, tumewakosea nini? Mama mkwe amejifungia chumbani na chakula hataki. Tafadhali futa yote niliyoandika hapo juu. Mwambie rubani ua hatujauziba, na mkata nyasi asiguse za upande wetu. Nasikia zikirefuka huteleza zaidi.