Aliye Ndani Apite

Jumatatu, 4 Machi
Nimepewa! Njia panda ya sokoni, wiki nzima, nijaribu mzunguko wa magari. Mkuu wa ofisi yetu ya barabara kasema magari mawili yakigusana tu, nahamia masjala kupanga mafaili. Nimeviringisha matairi chakavu kwa mikono yangu mwenyewe, nikayapaka rangi nyeupe, nikayapanga katikati. Mzunguko kamili. Njia panda ina sehemu thelathini na mbili za kugongana, mzunguko una nane. Nimeyasema haya mara sita. Fundi mkuu wa taa za barabarani, tunayemwita Bwana Taa, kauliza humo nitapanda nyanya au mchicha. Mpumbavu.

Jumanne, 5 Machi
Kanuni ni moja: aliye ndani hupita, anayeingia hungoja. Mtoto wa chekechea angeielewa. Leo dereva wa lori, yuko ndani, haki ni yake, kasimama kumpisha mwalimu wake wa zamani. Pita, mwalimu. Hapana, pita wewe, mwanangu. Haiwezekani, mwalimu. Foleni mpaka kituo cha mafuta! Nimesimika kibao: ALIYE NDANI APITE.

Jumatano, 6 Machi
Nilikuwa ndani, mjomba anataka kuingia. Nikapita. Hata mkono nilimpungia! Mama kapiga simu kabla sijaegesha gari: shule ndiyo imenifundisha kumpita mjomba kama kigingi? Nikamweleza kanuni za mwendo. Kauliza kama kanuni hizo ndizo zilizoninyonyesha.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeazima kipaza sauti. Nikapanda juu ya matairi. Acheni heshima! Ndani ya mzunguko hakuna shikamoo! Magari yote yakasimama kunitazama. Mzee mmoja kashusha kioo, kaniita binti yangu, kauliza kama nimekula.

Ijumaa, 8 Machi
Kikao. Mkuu anameremeta: wiki nzima hata mkwaruzo hakuna, na zamani pale hazikupita siku mbili bila ajali. Anataka mizunguko mingine mitatu, msimamizi mimi. Hata Bwana Taa kapiga makofi. Mtu mwingine angekaa kimya. Nikasimama. Matokeo ni batili, nikasema: kilichookoa watu ni adabu, si mzunguko. Jaribio lirudiwe, na madereva wasio na adabu. Mkuu kauliza tutawapata wapi. Bwana Taa kaninyooshea kidole.
Walicheka dakika nzima! Mizunguko kapewa yeye, mimi masjala. Mtu wa taa!

Jumatatu, 11 Machi
Masjala. Makarani wawili wanagonganisha vitoroli vyao kwenye kona ya kabati kila baada ya dakika kumi, na hakuna anayejali. Nimeweka ndoo katikati. Wote mwelekeo mmoja, aliye ndani apite. Saa nne, karani wa kwanza kasimama ndani kabisa kumpisha mama mkuu wa masjala, eti kwa sababu kabeba mafaili mpaka kidevuni.
Nimeshaanza kumwandikia barua ya onyo.