Ng'ombe Wako Wasio na Madoa

Kwa Mtakatifu Antonio,
Sanamu ya rafu ya juu, jikoni kwangu.

Mheshimiwa Mtakatifu,

Natumaini u mzima, ingawa umesimama kwa kichwa tangu Jumanne, na aliyekugeuza ni mimi. Nisamehe. Kwetu Corrientes mwanamke anayetaka mume hana njia nyingine ila kukupindua hivyo mpaka umlete, nami nina miaka arobaini na mitatu.

Nakuandikia kuhusu mifugo yako. Wale wadudu wekundu wa mviringo wanaokula vidukari, huku kila mtu huwaita ng'ombe wako wadogo, kwa hiyo sina mwingine wa kumshtaki.

1. Hawana madoa. Tangu enzi za bibi yangu, mdudu akitua mkononi mwako unahesabu madoa yake, na hiyo ndiyo miezi iliyobaki kabla ya harusi. Binamu yangu Zunilda alipata wa madoa saba, akaolewa baada ya miezi saba. Wangu migongo mitupu kama sahani iliyooshwa! Fermín Ojeda, anayenichumbia mwaka wa tisa sasa, alimtazama mmoja, akakuna kidevu, akasema basi hata mtakatifu hajapanga tarehe.

2. Wanakula mno. Zamani vidukari vilijaa kwenye pilipili zangu, na Fermín alikuja kila Jumamosi kuvipulizia maji ya sabuni. Akimaliza, tunakunywa chai yetu ya yerba kwa mrija mmoja mpaka jua linazama. Sasa hakuna kidukari hata cha dawa, na Fermín wiki ya tano hajaonekana. Nilipomkuta dukani aliangalia kofia yake. "Nije kufanya nini, Nélida? Pilipili zako nzima." Nilirudi nyumbani nikazililia hizo pilipili nzima.

3. Nilimwomba jirani, Bi. Hermelinda, tawi la waridi lililojaa vidukari, nikalichomeka katikati ya pilipili. Maji ya yerba hayajachemka, ng'ombe wako wamelimaliza, wananitazama kama wanangoja la pili.

4. Nikamchora mmoja kwa rangi ya kucha, doa moja tu, sikuwa na tamaa. Akaruka moja kwa moja hadi mkononi mwa Bi. Hermelinda, mjane wa miaka themanini na mmoja. Ameshashona gauni la harusi.

Kwa heshima zote, naomba uwapake madoa, au uwahamishie ng'ambo ya mto, na unirudishie vidukari vyangu, walau ndoo moja. La sivyo mshumaa wako nitampa mtakatifu mwingine.

Nisalimie wote huko juu, na Mtoto uliyembeba, ambaye maskini naye yuko kichwa chini bila kosa.

Mimi mwenye manung'uniko,
Nélida Zaracho

Nyongeza: Usimguse hata mmoja! Leo alfajiri, bahasha haijafungwa, nimemkuta Fermín amechutama kwenye pilipili na kopo lenye matundu, limejaa ng'ombe wako. Kumbe ndiye anayewaleta, kutoka shamba lake la tumbaku. Nikamuuliza kwa nini anitese hivyo. Akawa mwekundu kuliko wao. "Nilitaka siku moja uniite, hata kama huna vidukari."

Miaka tisa, Mtakatifu, na sikuwahi kumwita bila kumkabidhi bomba la sabuni. Nimeona haya, nimecheka, nimelia, vyote kwa pamoja. Mdudu mmoja akatua mkononi mwangu, tukahesabu wote wawili: madoa hakuna, basi na miezi ya kungoja hakuna. Padri ana nafasi Jumamosi. Nimekusimamisha wima na kukufuta vumbi. Bi. Hermelinda ameniazima gauni, ila anataka lirudi kabla ya mwezi kwisha.