Fahali Wangu Wawili Wamehamia Shimoni kwa Dada

Kwa Afisa Mifugo wetu,

Anayekuandikia ndiye mtu aliyewafundisha ng'ombe wa eneo hili kula. Kabla yangu walikuwa wanatafuna tu. Najua wewe ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, lakini leo naomba unisome kama ofisi. Ujomba tuuweke kando mpaka chini ya barua.

Lalamiko langu ni hayo majani ya kuvundika uliyotuletea: tukate majani mabichi, tuyashindilie shimoni, tufunike kwa nailoni, tukandamize kwa matairi, tusifunue wiki sita, hewa isipenye hata ya pua. Nataka yapigwe marufuku, kwa sababu hizi.

1. Fahali wangu wawili wa kunenepesha, niliowalea kwa mkono huu uliomwangusha chui (walikuwa wawili, mmoja alikimbia), wamevunja ua wakahamia kwa mama yako. Alipofungua shimo lake, harufu ilivuka barabara: tamu kidogo, chachu kidogo. Sasa nikiwapigia mluzi wananitazama kama mgeni aliyepotea njia.

2. Wamenenepa mno. Mchinjaji alikuja juzi kuwaangalia, akampongeza mama yako. Mimi nimesimama palepale, kamba mkononi.

3. Mama yako ameota mapembe. Ananiambia mbele ya majirani, "Kaka, ukitaka kuwaona wanao njoo jioni, wakishakula." Huyo ni dada niliyembeba mgongoni.

4. Ng'ombe akizoea kuandaliwa chakula wiki sita, kesho atadai godoro. Kesho kutwa chumba. Sisi tutalala wapi? Ofisi yako imelifikiria hilo?

Kwa hiyo naomba uamuru shimo la mama yako lifukiwe kabla ya Ijumaa, mchinjaji hajarudi, ili fahali warudi kwangu na sifa zirudi kwa mwenyewe.

Nisalimie wote hapo ofisini, hata yule karani anayecheka kila nikipita.

Ni mimi, mfugaji wa wafugaji,
Mjomba wako

Nyongeza: Shimo lisifukiwe kwanza. Fahali wakirudi sina cha kuwapa. Shimo langu mimi limeoza lote, jeusi tii, hata mbuzi amelikataa. Watu niliwaambia panya walitoboa nailoni. Hakuna panya, mpwa wangu. Nilikuwa nalifunua kila asubuhi ili majani yapumue. Mwambie mama yako nitakuja jioni, wakishakula.