Kuku wa Dengu na Sare ya Mifuko Kumi na Mmoja

Jumatatu, 15 Desemba

Mpwa wangu kapiga simu wakati nafunga duka. Mtoto wa dada yangu huyu, yuko mwaka wa pili chuo cha uuguzi. Mama yake yuko mbali kikazi, baba alishatangulia, kwa hiyo ndugu wa karibu ni mimi mjomba, na dada wa marehemu, ambaye ukoo mzima tunamwita Shangazi Mtu.

Habari mbili. Ya kwanza: Januari anakuja kufanya mafunzo kwa vitendo hospitali ya hapa kwetu, miezi mitatu. Kasema hajajua atakaa wapi. Halafu akanyamaza kidogo.

Hajajua! Kwangu kuna chumba cha nyuma, kina dirisha, kina kitanda, kimekaa kitupu tangu dada ahame. Jioni nyumba inakuwa kimya mpaka nasikia friji ikinguruma. Shangazi Mtu nyumba yake imejaa watu hadi koridoni. Na huyo naye, najua tu, anamtaka! Nimeumia, nasema kweli.

Habari ya pili: mpwa ameacha nyama. Na si nyama tu. Samaki, mayai, maziwa, siagi, hata asali anaitilia shaka. Anaogopa kuwa mzigo kwa watu Krismasi hii.

Nikamwambia aondoe hofu. Nikamwambia hata mimi nimeacha, mwezi wa tatu huu, na mwili umekuwa mwepesi ajabu. Alifurahi mpaka akapiga kelele. Mkono wa kushoto nilikuwa nimeshika paja la kuku. Nililimalizia polepole nisisikike natafuna.

Uamuzi: Krismasi mpwa anakula kwangu. Chakula kitamshangaza, zawadi itamliza, na Januari mabegi yake yatashushwa mlangoni kwangu.

Jumanne, 16 Desemba

Zawadi kwanza. Mwanafunzi wa uuguzi anahitaji nini? Sare. Mimi nani? Fundi cherehani, mwaka wa ishirini na sita. Imekwisha hiyo.

Na si sare ya hivi hivi. Sare inayofikiria. Mfuko wa kalamu, mfuko wa mkasi, mfuko wa saa, wa daftari, wa simu, wa leso. Nilifika mifuko saba kabla chai haijapoa.

Tatizo ni vipimo. Mara ya mwisho kumpima alikuwa anamaliza sekondari. Mtu mwingine angemuuliza tu. Lakini ukiuliza, zawadi imeshajulikana, utamu umekwisha. Nikatoa picha ya harusi ya mwaka jana. Mpwa kasimama bega kwa bega na Shangazi Mtu. Na vipimo vya Shangazi Mtu ninavyo kwenye daftari, maana gauni lake la siku ile nilishona mimi. (Hadi leo anadai lilimbana. Halikumbana. Alikula sana.)

Nikaweka rula juu ya picha. Bega la Shangazi kwenye picha ni hivi, kwenye daftari ni hivi, basi bega la mpwa haliwezi kuwa zaidi ya hivi. Hesabu tupu! Mwalimu wangu aliyesema sitafika popote angekuwepo leo.

Nimekata kitambaa bila wasiwasi wowote.

Jumatano, 17 Desemba

Mapishi. Hapa pagumu.

Ninachojua kupika ni mayai. Nimekaa dukani nafikiria. Meza ya Krismasi lazima iwe na kitu katikati, kitu cha watu kusema "aaa". Bakuli la maharage si Krismasi. Bakuli la maharage ni siku kama leo.

Saa nne wazo likaja. Kuku wa dengu! Dengu, viazi, karoti, uyoga, vitunguu, vyote vimepondwa pamoja na kufinyangwa umbo la kuku. Nimejaribu kwa mikono mchana. Kimetoka kiatu.

Kisha nikajicheka mwenyewe. Kazi ya maumbo ni ya nani katika mji huu? Nitashona mfuko wa pamba wenye umbo la kuku, kifua, mapaja na yote, nitaujaza, nitauchemsha kwa mvuke, halafu nafumua nyuzi. Ndani anatoka kuku kamili ambaye hajawahi kuwika.

Nikaenda buchani kuchukua vipimo. Nikamzungushia futi kuku aliyening'inia, kifua, kiuno, urefu wa paja, naandika. Muuza bucha kauliza nachukua mmoja au wawili. Nikamwambia sinunui, napima tu. Akanitazama sana.

Ijumaa, 19 Desemba

Muuza bucha ana mdomo! Kawaambia watu kwamba nina siku nne sinunui nyama, nimekonda, na juzi nilikuwa napima kuku na kuzungumza peke yangu. Jibu la mtaa: fundi anaumwa, na ni kichwa.

Wateja watano wamekuja leo kuchukua nguo zao, tayari au si tayari. Mama mmoja kachukua kitambaa ambacho sijakikata hata kidogo. Kasema kwa upole kwamba nipumzike, nisijisumbue. Mzee wa suruali kaondoka na suruali yenye mguu mmoja.

Faida: nimepata nafasi. Sare imefika mifuko tisa.

Jumamosi, 20 Desemba

Shangazi Mtu kaja kuniangalia mgonjwa. Kaja na sufuria ya supu ya kuku, imefunikwa, mvuke unatoka pembeni. Nikaificha sare chini ya meza, nikaifunika kwa miguu.

Nikamwambia mimi siumwi, nimeacha nyama tu. Akasema hewala. Akaketi. Akasema supu ataiacha, labda atapita mtu mwenye njaa.

Nikamchimba kuhusu zawadi, kwa ujanja sana, kwamba siku hizi wanafunzi hata hujui uwape nini. Akasema yeye kamnunulia viatu vya wodini, laini, maana kutwa nzima atasimama. Nikauliza saizi kaijuaje. Akasema alimpigia simu akamuuliza. Aliuliza! Na vyakula vya Krismasi? Hivyo pia aliuliza. Mtu mzima hana hata aibu.

Alipoondoka nikakaa kuitazama ile sufuria. Nilitaka nionje chumvi tu. Jioni nimeirudisha kwake imeoshwa na kukaushwa. Nikasema mwenye njaa alipita.

Jumatatu, 22 Desemba

Hatari. Mpwa kasema Krismasi atakuja kwangu, furaha yangu yote, halafu akaongeza kwamba na Shangazi Mtu naye nimwalike, si vizuri ale bila sisi. Nikasema wazo zuri sana, nilikuwa nalo mwenyewe.

Nimelipanga hivi. Mpwa nimemwambia saa saba mchana. Shangazi nimemwambia saa tisa. Saa mbili nzima za mimi na mpwa, kuku mezani, sare mwilini, chumba cha nyuma mlango wazi, shuka mpya zinaonekana. Shangazi akifika, maneno yatakuwa yamekwisha.

Jumatano, 24 Desemba

Sare imekamilika. Mifuko kumi na mmoja! Mmoja uko ndani ya mfuko mwingine, wa siri, wa peremende. Nimeipiga pasi mara tatu. Nilipoitundika chumba cha nyuma nilikaa kitandani kuitazama, nikajikuta machozi yananilenga. Mtoto huyu nilimshonea gauni la kwanza akiwa na siku arobaini.

Mfuko wa kuku nao umekamilika. Mshono mara mbili, pamba mpya ya dukani, nyeupe pee. Nimeujaza dengu barabara, nikausukuma na kukazia kama mto wa kiti, pasibaki hata tundu la hewa. Nikamfunga shingo kwa uzi wa vifungo. Kalala kwenye sinia anapendeza kuliko wa bucha.

Alhamisi, 25 Desemba. Krismasi

Naandika taratibu.

Saa sita kasoro, kuku kwenye mvuke. Saa sita na robo hodi mlangoni. Mpwa na Shangazi Mtu, pamoja! Kumbe mpwa alifikia kwake jana. Wakalinganisha saa walizopewa, wakacheka, wakaamua waje mapema wanisaidie. Nimewakaribisha kwa meno yote.

Hapo jikoni pakalia, puu!

Niseme jambo moja. Dukani kwangu kuna kibao ukutani, nimekiandika kwa mkono wangu: FUA PAMBA MPYA KABLA YA KUSHONA, HUSINYAA. Miaka ishirini na sita nagombeza wateja juu ya hilo. Na mimi nikachukua pamba mpya, sikuifua, nikaiweka kwenye maji ya moto. Mfuko ukawa unasinyaa, dengu zinavimba. Mshono mara mbili haukuachia, nashukuru. Kilichoachia ni shingo. Mfuniko ulikuwa sakafuni, dengu ziko ukutani, kwenye pazia, na moja kwenye picha ya dada yangu. Mpwa aliuliza nilikuwa napika nini. Nikasema kuku. Nikasema wa dengu. Alilazimika kukaa chini kwa kucheka.

Nikakimbilia zawadi kuokoa siku. Mpwa alipoona ile mifuko akaacha kucheka. Alifungua mmoja mmoja, anauliza huu wa nini, nami namweleza, mpaka wa peremende. Akavaa pale pale juu ya blauzi. Ikaingia mikono. Ikafika mabegani. Ikagoma. Haiendi mbele, hairudi nyuma, mtoto kasimama kanyoosha mikono juu kama anayeomba mvua.

Nikasema haiwezekani, nimepima. Shangazi akauliza nimepimaje. Nikaeleza picha, rula, daftari. Shangazi Mtu akainamisha kichwa, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Kisha akakiri. Siku ile ya gauni la harusi, kila nilipomzungushia futi, alibana pumzi na kukunja mabega, maana hakutaka niandike ukweli. Mwaka mzima nimelaumiwa kwa gauni lile! Na sasa mpwa wangu nimemshonea pumzi za Shangazi. Nilimfumua kwa wembe, pindo kwa pindo. Viatu vya Shangazi vilimkaa sawasawa.

Mpwa akafunga kanga kiunoni, akakusanya dengu zilizobaki kwenye mfuko, akakaanga vitunguu na nyanya, akamimina tui la nazi, akatuagiza mimi nimenye viazi na Shangazi akate karoti. Tukala watatu jikoni, tumebanana. Sijui nisemeje. Nilirudia sahani mara tatu, na kwa dakika nyingi nilisahau kuwa nina mpango.

Tulipomaliza nikasema, kwa mzunguko, kwamba chumba cha nyuma kinapata hewa nzuri sana Januari. Mpwa akaweka kijiko chini. Akasema siku ile ya simu, aliposema hajajua atakaa wapi, alinyamaza akisubiri nimwambie karibu. Mimi nikamweleza habari za nyama. Akadhani simtaki, nimezoea kukaa peke yangu. Shangazi akasema yeye kachoka na nyumba iliyojaa, na kwamba wiki nzima wote wawili wamesubiri neno moja tu kutoka kwangu.

Nikalisema. Njoo ukae. Akasema ndiyo kabla sijamaliza, akanikumbatia na dengu zangu zote. Nililia, na Shangazi kaniona, basi.

Halafu mpwa akasema na lile la kuacha nyama anajua ni uongo, Shangazi kamweleza habari ya sufuria. Nile nyama yangu kwa amani, hana ugomvi. Anaomba kitu kimoja tu: kuanzia leo nimwambie mambo yalivyo. Nikaahidi. Niliahidi kwa moyo wote.

Ijumaa, 26 Desemba

Nimeamka mwepesi. Nimeyapitia yote kwa utulivu, na ukweli ni huu: mpango umefaulu asilimia mia. Lengo lilikuwa mpwa akae kwangu. Anakaa kwangu. Waliosema fundi anaumwa kichwa waje waone.

Mpwa kaleta begi la kwanza asubuhi, kapanga vitabu dirishani. Nyumba ina sauti ya mtu. Friji siisikii tena.

Wakati wa chai kaniuliza kama nitasumbuka akiwa anafungua mlango saa kumi na moja alfajiri, maana kila siku hukimbia uwanjani kilomita sita kabla ya masomo. Nikamwambia hata kidogo. Nikamwambia hata mimi hukimbia, kila alfajiri, mwaka wa pili huu, uwanja huo huo. Akapiga kelele za furaha. Tunaanza kesho.

Sasa hivi natoka mara moja nikaulize uwanja uko upande gani.